Bibi Amelala

Jumapili, 1 Juni 2025

Careen ameondoka. Basi la alfajiri. Mbeya kwanza, kisha Tabora, kisha Kigoma — ndiko iliko kambi aliyopangiwa. JKT kwa mujibu wa sheria, kama wenzake wote waliomaliza kidato cha sita mwaka huu.

Nililia stendi. Baba yake, Longino, hakulia. Alikuwa anamfundisha mtoto kusimama wima, mikono ubavuni, mbele za watu! Eti yeye alipita huko ujana wake, basi leo ndiye afande wa familia. "Mama Careen, acha kumlegeza mtoto," akaniambia. Nikafuta machozi kwa kanga.

Bibi naye aling'ang'ania kuja, na magoti yake yale. Mama mkwe wangu huyu ndiye aliyemlea Careen nilipokuwa chuoni nasomea ualimu. Mtoto alijua mgongo wa bibi kabla ya kuujua wangu. Jana mchana kutwa alikaa naye barazani akimfumua rasta, moja moja, wanacheka tu. Leo pale stendi akamvuta sikio, akamwambia, "Mke mwenzangu, popote unapokwenda, usiwe wa mwisho kwenye chakula."

Nyumba imepoa. Milima ya Matogoro, hapa Songea, yote ukungu.

Alhamisi, 5 Juni

Amefika! Ujumbe kwa simu ya mtu: wamefika salama, simu zinakusanywa, tusihangaike. Basi. Hata "nawapenda" hakuna.

Hilda, jirani yetu, mwanawe Aidan yuko kambi hiyo hiyo. Kaniunganisha na grupu la wazazi la WhatsApp. Mungu wangu, lile grupu! Huyu anasema watoto wanalala saa sita wanaamshwa saa tisa. Yule anasema kuna mtoto kavunjika mguu — baadaye inajulikana ni wa mwaka gani sijui, na si kambi hiyo. Nikizima simu nawaza, nikiiwasha nawaza zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Tumevuna shamba la juu. Likizo hii nimegeuka mkulima kamili. Mahindi si haba.

Bibi anapukuchua huku anasema peke yake. Leo kauliza mara sijui ngapi, "Huko kuna baridi kama hapa?" Longino kamjibu Kigoma ni joto. "Sasa mbona mmempa sweta?" Tukacheka wote watatu. Siku nyingi hatujacheka hivyo.

Ijumaa, 20 Juni

Jana asubuhi Bibi alianguka jikoni. Kikombe cha togwa mkononi. Nilidhani kateleza. Nilipomgeuza uso ulikuwa umekwenda upande, na mdomo hautoi neno. Longino alimbeba kama mtoto hadi kwenye bajaji.

Kiharusi, amesema daktari. Kikubwa. Tumelazwa. Ananitazama, anajaribu kusema, inatoka sauti tu. Mkono wa kushoto unanishika bado. Una nguvu!

Nimemwambia Longino tupige kambini. "Tusubiri," kasema. "Atapona."

Jumanne, 24 Juni

Bibi amefariki leo saa nne asubuhi. Longino alikuwa kamshika miguu, mimi kichwa.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 26 Juni

Tumemzika. Watu wengi. Padri kasema maneno mazuri, lakini mimi nilikuwa natazama njia tu, kama vile Careen angetokea pale kwenye migomba na bukta yake ya bluu ya JKT.

Niandike hili maana linanichoma. Jana shangazi wa Longino aliuliza mbele ya ukoo wote: mjukuu aliyelelewa na marehemu yuko wapi? Kaitwa? Longino akasimama. Akasema, "Mama mwenyewe aliniambia msimwite mtoto. Amalize mafunzo yake kwanza." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Wakasema mama kaondoka na busara zake.

Mama alisema lini? Tangu Alhamisi iliyopita hakutamka neno. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji kwa kijiko. Mimi ndiye niliyelala chini ya kitanda chake.

Nilimwangalia Longino. Akaangalia pembeni. Nami nikanyamaza — ningemwumbua mume wangu mbele ya ndugu zake, mama yake hajafukiwa?

Jumapili, 29 Juni

Kapiga!

Ilikuwa mchana, ndani kumejaa watu, leo jumuiya imekuja kusali. Namba ngeni. Nikaipokelea jikoni.

"Mama, shikamoo! Nina dakika mbili tu!"

Sauti imekauka, kama ya mwanamume. Nilimwuliza kwa nini. Ni chenja, kasema — wanakimbia wanaimba kila asubuhi. Mzima. Amekonda. Ameshika bunduki! Yote kayasema kwa pumzi moja. Halafu:

"Mpe Bibi simu."

Mungu anisamehe. Nikasema, "Bibi amelala."

"Mchana huu?"

"Baridi, mwanangu. Kajifunika."

Pale pale sebuleni wakaanza rozari. Sauti zote. Careen kasikia. "Nani hao wanasali?" Nikasema jumuiya, leo ni zamu yetu. Si uongo. Ni uongo. Akacheka, akasema, "Sasa Bibi analalaje na kelele hizo? Haya, mwambie huku sijawahi kuwa wa mwisho kwenye chakula. Hata siku moja."

Ikakatika.

Nilikaa chini kwenye gunia la mkaa. Longino akaingia, akaniona, akajua. "Umemwambia?" Nikatikisa kichwa hapana. Akashusha pumzi. Akaniambia, "Umefanya vizuri." Nilitamani kumpiga na mwiko!

Jumatatu, 7 Julai

Matokeo yametoka. Daraja la kwanza! Careen wetu! Longino kapiga kelele uani hadi kuku wakatawanyika. Halafu, kabla hajafikiri, akageukia chumba cha Bibi na kuita, "Mama! Mama, njoo—"

Akasimama pale mlangoni. Mkono kwenye kitasa. Muda mrefu.

Hatukupika chochote cha sherehe. Tulikula kande la jana.

Leo Sabasaba; kesho shule inafunguliwa. Watoto wa darasa la pili wataniuliza mbona mwalimu hacheki.

Alhamisi, 10 Julai

Hilda kanifuata shuleni wakati wa mapumziko. Kuniona tu akaanza, "Mwalimu, nisamehe." Nikajua.

Jana kaongea na Aidan. Afande mlezi wao karuhusiwa kuwapigisha simu kidogo. Aidan kamwuliza habari za nyumbani, Hilda kasema aah, tuko salama, tumechoka tu na msiba. "Msiba wa nani?" Hapo Hilda kabanwa. Ulimi umeteleza. Kamwambia.

"Lakini nimemwapisha asimwambie Careen," kasema.

Kamwapisha! Mvulana wa miaka kumi na tisa, anakutana na mwenzake kila siku kwenye foleni ya chakula. Siri hiyo itadumu? Nilitaka kumfokea. Halafu nikakumbuka Hilda ndiye aliyeshinda kwetu siku zote za tanga, anaosha masufuria ya watu. Nikamwambia hakuna neno.

Kuna neno. Kuna neno kubwa! Mwanangu ataambiwa msiba wa bibi yake na mvulana, sahani mkononi, katikati ya watu. Na ataambiwa hata siku aliyokufa. Atahesabu. Atajua nilimdanganya kaburi likiwa bado na maua.

Ijumaa, 11 Julai

Tumegombana. Sijawahi kugombana hivi na Longino tangu anioe.

Nilimfuata karakanani kwake, anapiga randa mbao za kitanda cha mtu. Nikamwambia habari ya Hilda. Akaendelea kupiga randa. Nikasema, "Napiga simu kambini." Akasema, "Hupigi." Nikasema, "Baba Careen, mama alikwambia lini asiitwe mtoto? Siku gani? Kwa mdomo upi?"

Randa ikasimama.

Akasema mimi namwita mwongo. Nikasema ndiyo. Nimeliandika hapa kama nilivyolisema: ndiyo. Akatupa randa chini. Akatoka. Nikabaki na wateja wawili wananitazama.

Alirudi jioni. Hakunuka pombe, ingawa niliiogopa hiyo. Kakaa kwenye kigoda jikoni, mahali pa Bibi, magoti yamefika kidevuni. Akaanza kusema bila kunitazama. Nayaandika kwa ufupi.

Enzi zake kambini walikuwa na mwenzao akiitwa Amedeus, mtu wa Peramiho. Walikuwa wanalala kitanda cha juu na cha chini. Mtu wa kwao alipita akamwambia Amedeus kwamba baba yake kafa na kishazikwa. Amedeus hakulia. Alikula, akafua nguo zake, akazianika. Kisha akatoka bila ruksa, kwa miguu, kupitia porini, anarudi Songea. Walimtafuta kambi nzima. Longino mwenyewe ndiye aliyemwona, mtoni. Maji yalikuwa yamemchukua.

"Nguo zake zilikuwa bado kwenye kamba," kasema.

Miaka yote hii ya ndoa sijawahi kusikia jina Amedeus.

Nikamwuliza, mbona hukuniambia? Kasema ilipokuja barua ya Careen ya kuitwa JKT alitaka kuniambia, akaona nitamkataza mtoto asiende. Akaamua kumfundisha kusimama wima. Akasema hivyo hivyo — "nikaona nimfundishe kusimama wima" — halafu akaanza kulia. Mtu ambaye hakulia msibani kwa mama yake!

Nilimwacha alie. Kisha nikamwambia: Amedeus aliambiwa na mpita njia. Peke yake. Kishazikwa. Hicho ndicho tunachomfanyia Careen.

Safari hii hakusema "hupigi".

Jumamosi, 12 Julai

Nimepiga. Namba ya kambi iko kwenye grupu.

Kapokea afande mwanamke. Nilitegemea ukali. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama, alilelewa na huyo bibi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mngetuambia mapema. Wapo wengi wanaopata msiba, tunawashika mkono." Nikasema pole — sijui kwa nini mimi ndiye niliyesema pole!

Tumepanga hivi: kesho, baada ya misa, atamwita ofisini kwake. Atakaa naye. Atapiga yeye, sisi ndio tutamwambia. Akihitaji ruksa ya kuja kaburini, atampeleka kwa mkuu wa kambi. Na usiku huo hatalala peke yake.

Nikamwuliza kama Careen ameshasikia kwa mtu. Kasema leo asubuhi alimwona anaongoza chenja. Anaimba kuliko wote.

Longino kauliza nani atasema. Nikasema, ni wewe; marehemu ni mama yako. Kaenda kunyoa ndevu. Jumamosi jioni! Utadhani anakwenda kusimama mbele ya mkaguzi.

Jumapili, 13 Julai

Tulienda misa ya kwanza. Sikusikia injili.

Tumekaa sebuleni tangu saa nne. Simu mezani, imechomekwa chaji. Longino kavaa shati jeupe. Kila grupu linapolia tunaruka. Nimelizima sauti.

Saa tano na robo ikaita.

Longino kaipokea. Kaweka spika. Careen: "Baba, shikamoo! Nimefanya nini mpaka naitwa kwa afande? Au ni matokeo?" Sauti ya furaha! Basi Aidan kanyamaza. Mvulana yule! Longino kafungua mdomo, kaufunga. Kazima spika, katoka nayo nje, uani. Nikamwona dirishani. Kasimama wima, mkono ubavuni. Anasema. Kisha haongei tena. Kisha kaketi chini, kwenye udongo, na shati lile jeupe.

Nilibaki pale dirishani.

Aliporudi simu ilikuwa imekatwa. Nikamwuliza, kaliaje? Kasema hakulia. Nikamwona Amedeus anaanika nguo.

"Kauliza jambo moja tu," kasema Longino. "Siku ile Mama aliposema Bibi amelala — Bibi alikuwa ameshakufa?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu ndiyo."

Afande akachukua simu, akasema yuko naye, hamwachi, tumpe nafasi kidogo anywe maji. Watapiga tena.

Ndiyo maana naandika. Nisipoandika nitapiga ukuta. Longino kakaa mbele yangu na udongo wake kwenye suruali. Nimemwuliza, nimwambie nini mtoto? Kasema, "Usimwambie mimi ndiye niliyekuzuia. Wala usimwambie uliogopa. Msikilize tu."

Lakini ataanza na neno lipi? Atanitukana? Afadhali anitukane. Afadhali apige kelele, avunje kikombe cha afande, alie, aseme mama wewe ni mwongo. Chochote. Asiwe mpole tu. Ee Mungu, asiwe mpole.

Inaita. Longino kaisogeza kwangu.