Mashine Ilikuwa Bado Inatafuta

Jumanne, nilipokwisha kula

Yule mupimaji wa viwanja alinizania minye mujinga. Amesimamisha fimbo na mashine yake chini ya mungazi, ule muti wa mawese, akataka kupiga jiwe la mpaka palepale, hatua moja ndani ya kiwanja changu. Kaburi la muzee wangu, bwana yangu, lingebakia kwa jirani!

"Koko," akaniita kama bibi yake, "inashika satelite ishirini. Haiwezi kudanganya."

"Ishirini ziko juu, weye uko chini ya majani. Na hapa kwa kioo cha mashine imeandika nini?"

"Flottant."

"Maana yake?"

Akaangalia viatu. "Bado inatafuta. Inaweza kukosea mita moja."

Kumbe alijua! Muntu wa pikipiki alikuwa anamupigia honi kule barabarani, basi kwa haraka yake marehemu wangu ahame. Masomo yote ile, akili hakuna.

Nikachukua panga, nikakata majani ya mungazi, nikamuambia angoje. Akangoja, amenuna. Kioo kikaandika Fixe, imeshika, kosa sentimita mbili tu. Jiwe likapigwa ng'ambo ya kaburi, upande wa jirani.

Sikumushukuru. Alipoondoka ndipo nikakaa chini, kando ya kaburi. Nikamuambia marehemu wangu alale, hahami tena.