Aliyefunga Tahadhari Siye Aliyepanda Mtumbwi

"Mtu akishafunga tahadhari, maana yake ameisoma." Kaka Swedi, ndivyo Fiston, fundi wa tovuti yetu, alivyoniambia kwenye mkutano wa ushirika pale Rumonge, na wanakamati wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilipiga meza.

Tangu tukuzike, tovuti yetu ya wavuvi imepambwa. Bei ya samaki wetu wadogo wa ndagala, bei ya mawese, mikutano, kila kitu kinakurukia usoni ndani ya kisanduku chekundu. Pembeni kuna alama ya X ya kukiondoa. Hiyo X tuliililia wenyewe, maana visanduku vilifunika bei na watu walikuwa wanatutukana. Lakini wameiweka sawasawa kwenye tangazo la mkutano na kwenye tahadhari ya upepo! Ukiigusa mara moja, simu ile haikuonyeshi onyo tena.

Simu ile! Simu ya nani? Hapa kijijini kwetu Gitaza kaya nzima ina simu moja. Mwezi uliopita mkeo Mwajuma aliishika asubuhi kutafuta bei ya ndagala, akakiondoa kisanduku kama anayefukuza nzi. Alasiri mwanao Idi akachukua simu hiyohiyo, akafungua ukurasa, hakuona onyo lolote, akashusha mtumbwi.

Upepo ulipotulia tulimkuta ameng'ang'ania ubao wa mtumbwi. Nyavu zimekwenda, taa zimekwenda. Yuko hai, Swedi, tulia. Ila Mwajuma hasemi na mtu. Anaamini kidole chake ndicho kilichotaka kumuua mwanawe.

"Si angesoma kwanza," anasema Fiston. Nikamuuliza: wewe umesoma yote uliyoyafunga leo?

Nakukumbuka ufukweni, viganja mdomoni, ukiwaita wavuvi: "Iko upepo! Munasikia?" Mmoja anajibu, "Tumesikia, Swedi!" Nawe unawaka: "Sikukuuliza wewe! Namuuliza Bosco. Bosco, umekufa ama?" Hukuondoka mpaka kila mtumbwi ujibu kwa mdomo wake. Ulikuwa unanichosha, kaka! Nikakuambia tovuti itakupumzisha koo. Koo limepumzika sasa, na hakuna anayemuuliza Bosco.

Mungu akulaze pema. Idi sitamwacha, na Mwajuma nitakaa naye hata kama hataki maneno yangu. Unajua nilivyo mbishi.

Na ninyi, Fiston na wanakamati, barua hii nitawasomea mkiwa mmekaa, kwa hiyo sikieni. X ibaki kwenye bei na mikutano. Tahadhari ya upepo, mtu akiifunga, ipungue iwe mstari mwekundu juu ya ukurasa, ikae pale mpaka ziwa litulie, kila anayeshika simu auone. Fanyeni leo, kabla mitumbwi haijashuka. Kisha nendeni wote mlangoni kwa Mwajuma, mkamwambie kwa midomo yenu, mmoja mmoja, kwamba kosa ni lenu.