Sura Yako Kwenye Kibanda cha Chai

Mama mpendwa,

Mirembe, salamu nyingi kutoka Kericho. Mvua ya huku haikosi mchana, lakini namshukuru Mungu, ubao wa kibanda cha chai nimemaliza kuuchora leo, shoo ya kilimo ni kesho.

Nilikuwa nimechora mama mchumaji wa majani chai, kikapu kimejaa pomoni, majani yameshindiliwa vizuri. Nilijivuna! Kisha Mama Chebet, mchumaji wa Kiptere, akaja kuleta majani ya maonyesho. Akacheka sana.

"Fundi, karani wa kupima majani atamrudisha huyu kwa mizani! Majani ikishindiliwa inashika joto, inaharibika."

Nikamwambia huyo ni mama yangu, nimechora sura yake kwa kukumbuka.

Akaacha kucheka. "Basi harudishwi." Akasimama kwenye manyunyu, kikapu chake mgongoni, nami nikitazama na kuchora upya mpaka majani yote yakalegea. Angenyamaza, kesho wachumaji wote wangekucheka.

Mama, Kericho hujafika hata siku moja. Lakini Mama Chebet amesema atakuja asubuhi mapema, akusalimie hapo ubaoni kabla ya wageni.

Mwanao anayekukumbuka,
Enosi