Msemaji wa Jiko Langu

Jumatatu, 6 Mei 2002

Leo nimewaka kuliko jiko lenyewe! Siku ya Vumbuzi na Kazi ni Ijumaa ya wiki ijayo, na fakilte yetu hapa chuoni imeamua: mwanafunzi hatasema. Kila mradi utapewa msemaji. Ati kusimama mbele ya wageni na kusifu kitu chako mwenyewe ni kukosa adabu. Kama siku ya mahari! Binti anafungiwa chumbani, wazee wanabishana sebuleni juu yake, halafu anaitwa aje kutabasamu.

Jiko ni langu. Mkaa haushuki tena kutoka milimani, nani atathubutu barabara ile na vita hivi? Na huku bondeni, Buterere, pumba za mpunga zimejaa, watu wanazichoma kando ya njia bure. Nikatengeneza jiko la kuzitumia. Baba alikata bati kwenye karakana yake ya kuchomelea hapa mtaani kwetu Buyenzi. Mimi nikahangaika na bomba la katikati na matundu ya chini, nikala moshi nyuma ya maabara mwaka mzima, mpaka moto ukatoka wa buluu.

Mshindi atapewa karakana na mshahara wa mwaka mmoja aendelee na utafiti. Naitaka! Wenzangu waliomaliza mwaka jana wana dipelome zao kabatini, wanapima sukari kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique.

Jumanne, 7 Mei

Msemaji wangu ni Bwana Télesphore, asistanti wa maabara. Si mtu mbaya. Mtaa mzima wa Mutanga Sud hakuna mahari inayofanyika bila yeye. Anasimama na kutoa ijambo, hotuba yetu ile ya sherehe — anaahidi ng'ombe ambao hawapo, anadai ng'ombe ambao hawataletwa, na watu wanapiga makofi kwa sababu wote wanajua kwamba hawapo.

Nimemweleza jiko asubuhi yote. Pumba kavu tu! Zikiwa na maji ni moshi mtupu, tena moshi mbaya. Akawa anaitikia kwa kichwa, macho dirishani.

"Mi nimeelewa, mutoto wetu. We tulia. Binti haongeagi na wakwe."

Wakwe! Nani ananioa?

Alhamisi, 9 Mei

Madame Danielle amepita kuangalia miradi mapema. Yeye ndiye mkubwa wa shirika linalotoa karakana. Mrundi, lakini amekulia Ubelgiji, amerudi juzijuzi.

Télesphore akakohoa, akashika koti, akaanza. Ati jiko hili halichagui. Pumba kavu, pumba mbichi, hata zilizotoka kwenye maji ya mafuriko. Ukilitilia jani la mgomba, madame, litakushukuru! Sisi tukacheka. Madame hakucheka. Alikuwa anaandika.

— Hata zilizolowa?

— Zilizolowa ndiyo chakula yake, madame!

Makofi. Nikafungua mdomo, akanikanyaga mguu. Kweli, akanikanyaga, na kile kiatu chake cha ngozi! Kidole kimevimba.

Baadaye nikamfuata koridoni. Alinishangaa kwa moyo mweupe. Ile ilikuwa ijambo tu, nani hajui ijambo? Nikamwambia, yeye! Madame hajui! Akacheka: "Apana, Soumaya. Ni Murundi ule. Iko mu damu."

Damu gani! Mtu anaandika neno kwa neno, wewe unamwambia damu.

Jumapili, 12 Mei

Nimetoka Buterere. Sijui niandike vipi.

Mama Léocadie ni mmoja wa waliokimbia vita milimani; tangu Januari ananisaidia kulijaribu jiko, analitumia kupikia kila siku. Leo nimemkuta macho mekundu, yamevimba. Kumbe Ijumaa Madame alikwenda kule na Télesphore, na msemaji wangu akarudia maneno yaleyale mbele ya majirani. Mvua ilikuwa imenyesha, pumba zote zimelowa. Jioni Mama Léocadie akazitia. Nyumba ile haina dirisha. Mjukuu wake alilala karibu na jiko, wakamtoa nje amelegea, anatapika. Amepona, Alhamdulillahi. Amepona!

"We uliniambia kavu," akasema. "Alafu musomi mukubwa akasema mbichi iko muzuri. Mi nitabisha musomi?"

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Jiko ni langu, jina ni langu, na uongo umeingia nyumbani kwa watu ukiwa na jina langu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwambia Télesphore habari za mtoto. Akasikitika kwelikweli, akasema basi wafungue mlango. Nyumba ile mlango haufungwi kwa ajili ya baridi. Unafungwa kwa sababu ya risasi!

Nikaenda ofisini kwa Madame. Sekretari akanirudisha mlangoni: miradi ya wanafunzi inapitia kwa wasemaji wao. Lo! Hata kwa hili?

Baba alizima mashine aliposikia. Anasema ukimkana mshenga wako mbele za watu umevunja ndoa yako mwenyewe, na pale chuoni hakuna atakayekushika mkono tena. "Mufuate pembeni, mwanangu. Pembeni." Nimemfuata pembeni mpaka pembe zimekwisha, Baba.

Jumatano, 15 Mei

Télesphore anasema nisihangaike, amepata dawa. Dawa gani, hasemi. Silipendi tabasamu lake.

Ijumaa, 17 Mei

Ninaandika hapahapa, uani nyuma ya ukumbi, pembeni ya jiko. Wageni bado wanakunywa Fanta ndani.

Ijambo lilikuwa tamu, siwezi kukataa. Hata mimi karibu nipige makofi. Kisha Madame akasimama. Tumeshinda! Karakana ni yangu, mwaka mzima ni wangu — na kazi ya kwanza ni majiko mia moja kwa wale wa Buterere, kabla mvua hazijarudi, "kwa kuwa hili ndilo jiko pekee linalokubali pumba zilizolowa." Ukumbi mzima ukasimama. Mimi nilibaki kwenye kiti. Majiko mia moja. Nyumba mia moja zisizo na dirisha.

Madame anataka kuona likiwaka kwanza. Amekuja na gunia lake mwenyewe la pumba kutoka Buterere. Lipo hapa, linadondosha maji.

Na dawa ya Télesphore nimeiona: kifuko cha pumba kavu. Alikificha nyuma ya ndoo. Kavu chini, kuzunguka bomba. Mbichi kidogo juu, kwa macho ya watu. Yeye atasimama mbele na koti lake pana. "Moto itatoka muzuri, we unapata karakana. Kurekebisha, utarekebisha pole pole." Ati ndivyo wanavyofanya siku zote: harusi kwanza, ukweli baadaye. Alikuwa ananionea huruma, mtu huyu! Anadhani ananisaidia! Kisha akaenda kuwaita wageni.

Naitaka ile karakana. Wallahi naitaka. Sina nyingine mahali popote.

Wanatoka. Madame mbele, kamera mkononi. Télesphore anawapanga nusu duara, anawachekesha, anasema binti yetu mwenyewe atawasha. Sasa ameinama nyuma ya ndoo. Ameinua ndoo. Ameangalia chini ya meza. Tabasamu lipo bado lakini jasho limeanza.

Anakuja. Ananiuliza kwa sauti ya chini, bila kufungua meno: "Soumaya, kale kafuko uliona wapi?"

Naandika tu, kichwa chini. Nimekikalia.