Kilo Thelathini za Betri Zilizokufa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeletewa pipa. La bluu, mfuniko wa kufunga kwa kuzungusha, linanifika kiunoni. Limeandikwa BETRI CHAKAVU TU kwa herufi ambazo hata aliye nje ya geti anazisoma. Mwenyekiti wa jengo alilisukuma mpaka mlangoni kwangu, mkononi ana karatasi. Nikimwona tu na karatasi najua nimekwisha.

Eti watu waache kutupa betri kwenye taka, zina sumu, mvua ikinyesha sumu inaingia ardhini. Sawa. Eti mimi ndiye katibu wa kamati. Sawa. Eti pipa linataka mahali pakavu, mbali na jua na jiko, na katika ghorofa zote nne hakuna pakavu kama chumba changu cha nyuma. Hapo nikaruka! Chumba kile ni cha mjukuu. Binti yangu amejifungua wiki tano zilizopita, analeta mtoto tarehe ishirini na mbili, wakae mwezi mzima. Nimepaka rangi. Nimeacha nguo za wateja, nimeshona mapazia. Huyo mtoto sijamwona ila kwenye simu, na kwenye simu naona pua tu.

Mwenyekiti akasema tarehe ishirini na mbili ni mbali, pipa litakuwa limeshaenda zake. Nikakubali. Mimi nami, nikibembelezwa kidogo tu nalainika.

Jumatano, 5 Machi

Betri kumi na moja. Jengo zima! Wanazificha kama dhahabu.

Mzee wa Redio wa ghorofa ya tatu alikuja kuangalia tu. Zake hatoi. Anazianika dirishani, zikipata joto anazirudisha, redio inakohoa taarifa ya habari dakika kumi, halafu kimya, anazianika tena. Akanambia hazijafa hizo, zimelala. Nikamwonyesha moja inavuja, nikamwambia asiishike kwa mkono mtupu. Akaifuta kwenye suruali! Kesho ataniletea hiyo suruali niitie kiraka, ngoja uone.

Alhamisi, 6 Machi

Ameileta.

Pia nimegeuza ile karatasi ya Mwenyekiti. Kumbe ina upande wa pili! Gari la ofisi ya taka haliji mpaka pipa litimize kilo thelathini. Pungufu ya hapo, halitoki gereji. Nikaazima mizani ya nesi wa ghorofa ya pili, ile ya kupimia wajawazito. Bila pipa lenyewe, tuna kilo moja na robo.

Nikampigia binti yangu, bora alisikie kwangu. Akanyamaza. Huyu akipiga kelele najua nitamtuliza, akinyamaza ndiyo balaa. Mwishowe akasema hamlazi mwanawe chumba kimoja na sumu. Nikamwambia nitalihamishia sebuleni. Nyumba moja na sumu pia hataki. Pipa litoke, la sivyo watabaki kwao mpaka mtoto atembee.

Mpaka atembee! Mwaka mzima! Nimekaa kwenye cherehani nikalia, nikachafua gauni la watu.

Jumapili, 9 Machi

Mkutano wa dharura kwenye ngazi. Nikawaeleza kila kitu, mpaka la mtoto. Nikaomba tu kila nyumba ikae na pipa siku mbili kwa zamu. Loo! Ghafla jengo zima lina pumu. Mwenyekiti anayo pumu. Mke wa Mwenyekiti anayo. Kijana anayenyanyua vyuma kila asubuhi, naye anayo tangu utotoni.

Basi ikapitishwa: tulijaze upesi, liondoke. Watu wakaenda kupekua madroo. Saa za ukutani zimefunguliwa, rimoti zimefunguliwa. Yule wa ghorofa ya nne akashuka na betri ya gari. Kilo kumi na tatu kwa mpigo! Nusura nimkumbatie. Nesi akasoma karatasi kwa sauti: za gari hazipokelewi, zina asidi, zirudishwe gereji. Akapanda nayo tena ghorofa nne. Nilimsikia akihema mpaka juu, na roho yangu ikipanda naye.

Kilo nane na nusu.

Jumanne, 11 Machi

Kilo kumi na tano! Nikashtuka. Nikalimwaga pipa sakafuni. Ndani: kufuli mbili, pasi ya umeme, na nyundo. Hakuna anayejua zimefikaje. Nesi akasema tungeungua wote, chuma kikigusa ncha mbili za betri moto unawaka. Ndiyo maana ncha zinatakiwa kuzibwa kwa selotepu. Kila betri. Na inayovuja ifungwe peke yake kwenye mfuko wa plastiki, mtu avae glavu.

Nimeziba mia mbili na sita. Vidole vyote vinanata. Mteja kaja kujaribu blauzi, kaondoka na betri imegandia kwenye mkono wa blauzi.

Ijumaa, 14 Machi

Kilo kumi na nne na robo. Jengo halina tena betri iliyokufa, hata moja. Sasa Mwenyekiti kabandika tangazo: wenye betri nzima wazimalize.

Nilidhani ni utani. Saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, ngazi zetu zinamulikwa na tochi kumi na tisa. Wanasesere wote wa watoto wametolewa koridoni. Roboti moja inagonga ukuta tangu asubuhi, inarudi nyuma, inagonga tena, na mwenye nayo amekaa pembeni akiihimiza ichoke. Fundi bomba alikuja kwa kazi yake, akauliza umeme umekatika? Tukamwambia upo. Akaondoka bila kuziba bomba.

Na mimi nisijisafishe. Nimekwenda dukani kununua betri mpya, za kujaza kikapu. Muuza duka kaniuliza za kazi gani. Nikasema za kutupa. Kanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nyumbani yupo mtu wa kunifungulia mlango.

Jumatatu, 17 Machi

Kilo ishirini na moja. Siku tano zimebaki. Binti kapiga, kauliza swali moja tu: limetoka? Nikasema linakaribia. Akasema haya, Mama, akakata. Kwa nyuma nilisikia mtoto akipiga chafya. Nimeisikiliza chafya hiyo kichwani mchana kutwa.

Jumatano, 19 Machi

Mzee wa Redio amebisha hodi. Ana foronya mbili, kila moja kaibeba kama mtu abebaye yai. Betri zote. Kubwa, ndogo, nyingine zina kutu tangu wakati mkewe yuko hai. Nikamwuliza, mzee wangu, si ulisema zimelala? Akasema amesikia mtoto hajaletwa kwa ajili ya pipa, na yeye redio ataisikia ya jirani kupitia ukutani.

Nilimwomba abaki na nne. Akakataa, halafu akachukua nane.

Tukapima. Thelathini na gramu mia tatu! Nilipiga kigelegele, nesi akatoka na sabuni usoni akidhani binti yangu kafika.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeipigia simu ofisi ya taka. Mtu wa huko kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Watakuja Jumamosi asubuhi. Jumamosi hiyo hiyo! Nimempigia binti: njoo, mwanangu, njoo. Amecheka. Alikuwa hajacheka na mimi tangu mwanzo wa mwezi.

Jumamosi, 22 Machi, saa tano asubuhi

Naandikia mlangoni. Afisa wa taka anadhani namwandikia risiti, acha adhani.

Gari lilikuja saa nne. Vijana wawili wenye glavu wakalibeba pipa, jengo zima likapiga makofi. Chumba cha nyuma nikakipiga deki mara mbili, nikafungua dirisha. Nilipogeuka, wanashusha pipa jingine. La bluu. Kubwa kuliko lile! Kilo sitini.

Afisa akanipa mkono. Majengo mengine, anasema, pipa moja linawachukua miaka miwili, sisi tumelijaza kwa siku kumi na tisa, hawajapata kuona watu wenye mwamko namna hii. Kwa hiyo tumeteuliwa kituo cha mtaa mzima. Mwenyekiti ameshashukuru kwa hotuba. Ameshatia saini. Bado saini ya katibu tu. Getini watu wa jengo la jirani wamekwisha panga foleni na mifuko yao.

Nikalikalia. Ndiyo! Nimekaa juu ya pipa, hapa kizingitini, aingie nalo mwanamume. Mwenyekiti ananisihi niache utoto.

Teksi imesimama. Binti yangu. Anakuja na mtoto kifuani, macho kwenye pipa. Ananiuliza, Mama, si ulisema limetoka? Nikasema limetoka, mwanangu, hili ni jingine. Akanyamaza.

Halafu amenipa mtoto. Hivi hivi tu, nikiwa juu ya pipa. Mzito! Ana joto la mkate. Kashika kidole changu chenye gundi na hakiachii, naandika kwa mkono uliobaki na herufi zinapinda.

Binti kainama kwenye begi la nepi. Katoa mfuko mweusi, umefungwa mafundo matatu, unagongana ndani. Anasema ni zao na za majirani zake wote, wamesikia kuna pipa, na kwake hawezi kuziweka, nyumba ina mtoto mchanga.

Mama, anasema, hebu inuka kidogo nizitie.