Kopa Tano za Ijumaa Ile

Wekesa ndugu yangu,

Tangu tukusafirishe kwenda Bungoma ndani ya sanduku, sijakaa mezani na mtu nikamwamini. Bi Salama bado anatukaribisha kwake Al Nahda kila Ijumaa baada ya swala, tucheze briji. Amenipa mwenza mpya, Mganda mmoja mpishi wa hoteli. Huyu hukohoa kabla ya kutaja karata. Mbona akohoe? Mimi namtazama tu.

Unanijua. Niliishia darasa la saba, lakini kwa briji hii Dubai sina mpinzani. Kule Hatta nilimshinda arbab mmoja, bwana tajiri wa Kiarabu, huku nimeipa meza mgongo, akataka kunipa shamba la mitende, nikakataa. Ulikuwa ukicheka, "Juzi ulisema ni mbuzi, Wafula." Sasa hakuna wa kunipunguza, na hilo shamba linazidi kupanuka.

Lakini nakuandikia juu ya zile kopa tano. Nilikuwa nimetaja kopa nne, yaani tutakula mizunguko kumi kati ya kumi na tatu, kopa ikiwa turufu. Bi Salama akatupanda na shupaza nne. Zamu yako. Ukakaa. Ukazitazama karata kama mtu aliyepewa barua ya kufutwa na kafeel, mdhamini wa kazi yake, kisha ukasema pasi. Mumewe, Mzee Seif, naye pasi. Ikarudi kwangu.

Sheria tunaijua: mwenzako akisita, kule kusita kwake si mali yako. Unaamua kwa karata zako. Zangu ziliniambia ninyamaze. Lakini nilisema moyoni, Wekesa ana kitu, anatamani kupanda. Nikataja kopa tano. Tukala kumi na moja. Bi Salama akakunja karata zake polepole akasema, "Nyie watu wa bara mna lugha yenu ya kimya."

Nilimkatalia. Kule kambini tunakolala wafanyakazi niliwaambia wote kwamba nilipiga hesabu kichwani, nikaziona karata zote hamsini na mbili kama kupitia kioo. Jumatatu yake ukaanguka langoni pale Marina ulipokuwa ukilinda, ukiwa na yunifomu. Ukazikwa, maneno yakabaki: Wekesa na Wafula walikuwa na ishara zao.

Nikamshuku kila mtu. Bi Salama, kwa kutuchafua. Mzee Seif, kwamba alichungulia karata zako ndiyo mkewe akajua la kusema. Halafu, nisamehe, nikakushuku wewe. Nikajiuliza, huyu miaka sita alikuwa ananisemesha kwa kusita? Nikawa nakumbuka kila ulipojikuna sikio.

Ijumaa iliyopita nikambana Mzee Seif kwenye lifti. Mzee, sema ukweli, siku ile ulimchungulia Wekesa. Hakukasirika. Akasema, "Karata zake sikuziona, mwanangu. Nilimwona uso. Esi yapuliza baridi kali, hata Salama kajitanda shali, naye jasho lamtoka, mkono wa kushoto kaubana kifuani. Nikadhani kapata karata mbovu."

Lifti ikafika chini. Sikushuka.

Mimi ndiye niliyekaa mkabala nawe, ndugu yangu. Nilikuona ukikawia, na mimi huyu mwenye macho ya kioo nikaona kopa tu. Ulikuwa unaumwa. Hukuwa na neno la kunipa. Kwenye basi la kurudi uliniambia, "Nimechoka, acha nifunge macho," na mimi nikaendelea kukuhadithia nilivyowapiga.

Hata ningeuliza, sijui kama ungekwenda hospitali. Ulikuwa mbishi. Lakini sikuuliza.

Basi nakuahidi hivi. Ijumaa hii, kabla karata hazijagawanywa, nitawaambia: Wekesa hakunipa ishara yoyote. Kusita kwake kulikuwa ugonjwa, na mimi nikatumia kusita huko, halafu nikadanganya. Ile raundi ni yao. Najua watanitazama vipi, na huenda asipatikane wa kukaa nami tena. Nitasema hata hivyo, na sitaongeza chumvi hata punje.

Pumzika, Wekesa. Jina lako nitalirudisha safi.

Wafula, mwenza wako