Bibi aliishia mlangoni

Jumamosi, 7 Juni
Nimefungua kanisa saa moja. Ufunguo ninao mimi tu. Bibi yangu keshafagia uwanja, kama kila Jumamosi. Anafagia kinyumenyume, mkono wa kushoto, mistari yote inalala upande mmoja. Anaishia mlangoni. Haingii, hajabatizwa. Ndani nafagia mimi, kwa mkono wa kulia.
Mwinjilisti kamwambia tena kufagia hakuokoi mtu, ni imani tu. Bibi akasema, "Mimi naona vumbi tu, baba." Nikacheka kimoyomoyo.

Jumanne, 10 Juni
Bibi amefariki. Alikuwa anachambua pamba, akaegemea gunia. Nilidhani kasinzia.

Jumatano, 11 Juni
Tumemzika hapa hapa nyumbani. Mwinjilisti alikuja, akakaa na watu, ila kuomba kaburini alikataa. Bibi hakukiri, yeye hawezi kudanganya wafiwa. Mjomba akamuuliza, "Na miaka yote ile ya kufagia?" Watu wakanigeukia mimi, mtu wa kanisa.
Nikashika koleo, nikaendelea kufukia. Najichukia.

Jumamosi, 14 Juni
Uwanja umefagiwa. Mistari imelala upande ule ule. Nyayo hakuna. Nimekimbia nyumbani. Mfagio wa bibi upo, umechomekwa kwenye paa kama alivyouacha.

Jumapili, 15 Juni
Mwinjilisti kanisifia uwanja. Nilitaka kusema si mimi. Nikasema asante.

Jumatano, 18 Juni
Nimeenda kwa Mwinjilisti kwa baiskeli. Nimeuliza bibi yuko wapi, maana nataka kujua kama nitamwona. Akasema, "Masunga, ningejua ningekuambia. Nahubiri nilichofundishwa."
Nimerudi nikiwa vibaya kuliko nilivyoenda.

Jumamosi, 21 Juni
Nimefika jua linatoka. Uwanja mchafu. Majani, mavi ya mbuzi. Hakuna aliyefagia. Iliniuma kama amekufa tena.
Nikafungua kufuli.
Ndani kumefagiwa. Sakafu ya udongo, mistari imelala upande ule ule. Imeanzia mlangoni, ikaenda kinyumenyume katikati ya mabenchi mpaka madhabahuni. Imeishia pale. Ya kutoka hakuna.
Madirisha yana nondo. Nimeyajaribu yote kwa nje.
Nikafunga. Sikugusa kitu.

Jumapili, 22 Juni
Mwinjilisti kasimama mlangoni, kaangalia chini. Halafu kaangalia mkono wangu wa kulia. Kavua viatu. Kapita pembeni, ukutani, na watu wote nyuma yake.
Hakuhubiri imani wala matendo. Aliomba, akamtaja bibi kwa jina. Tukaimba.
Mimi nilikaa benchi la mbele, karibu na pale mistari ilipoishia.